Kisu cha Babu kilivyonifunza kuuliza: Hii ni pembe ya nini?

Chini ya kitanda changu hapa Mtopanga kuna mkebe wa biskuti, ule wa duara ambao nyumba nyingi za Pwani huwekea nyuzi na sindano. Wangu hauna nyuzi. Una visu 11.

Kabla hujanikimbia, ngoja kwanza. Si mapanga. Ni visu vya kukunja, vile vidogo vya mfukoni ambavyo wazee wetu walikuwa wakimenyea machungwa na kukatia kamba, na wengine, astaghafiru, wakitolea uchafu wa kucha kisha wakakatia embe hicho hicho.

Najua unachowaza. Kijana wa Kisauni, hana kazi ya ofisini, ana visu 11. Huku kwetu, baada ya miaka ya magenge ya vijana kuvamia watu na mapanga, hesabu hiyo watu huipiga haraka sana. Hata jina la mtaa wetu lina panga ndani yake, bana. Ndiyo maana sitembei navyo. Havitoki nje ya mlango, na anayetaka kuviona huja chumbani, anapewa kahawa, anafunguliwa mkebe.

Nilianza kuvikusanya mwaka nilioacha chuo. Karo ilikwama nikiwa mwaka wa pili, nikarudi nyumbani na begi moja na muda mwingi kuliko pesa. Siku moja nikanunua koti la mitumba, na ndani ya mfuko nikakuta kijisu cha kukunja kimeshika kutu, mpini wa mbao. Nikakisugua kwa majivu na limau, nikakitia tone la mafuta. Kilipofunguka na kulia 'tak', nikajua nimepatikana.

Mtu wa nje akishika kisu hutazama makali. Sisi tunaokusanya tunatazama mpini. Chuma ni chuma, kinanolewa kinaisha. Mpini ndio unaokueleza kisu kimetoka wapi, kilikuwa cha nani, na saa nyingine, ni nani aliyekufa ili kisu hicho kipendeze.

Hiyo ya mwisho sikuijua mpaka nilipopewa kisu cha Babu.

'Hiyo ni hela imelala'

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa majahazi ujanani. Alipofariki hakuacha shamba wala nyumba ya kugombaniwa. Baada ya arobaini, Mama aliniita jikoni akafungua kitambaa.

"Shika. Babu yako alisema hiki upewe wewe, maana ndiye unayependa vyuma vilivyokufa."

Kilikuwa kisu cha kukunja cha urefu wa kidole changu cha kati, bapa limeliwa na miaka ya kunolewa hadi likawa jembamba kama jani la mpunga. Na mpini mweupe. Si mweupe wa plastiki, ni ule mweupe uliogeuka manjano kama meno ya mzee wa kahawa. Ukiushika ni baridi, na mzito kidogo kuliko unavyotarajia.

Jioni nikakipeleka maskani. Kosa langu la kwanza.

"Kaka, hiyo ni pembe," akasema mmoja akikigeuza kwenye mwanga wa simu. "Hiyo ni hela imelala."

Mwingine akakipiga picha. Siku mbili baadaye nikapata ujumbe kutoka kwa nambari nisiyoijua: *Nitumie picha za karibu. Kama ni pembe kweli nina 40,000 mkononi. Usimwambie mtu.*

40,000! Kodi ya chumba changu ni 4,500 kwa mwezi, na wakati huo nilikuwa na deni la miezi miwili. Laptopu ninayoandikia ilikuwa imepasuka kioo, naandika makala kwa simu kama mtu anayemwandikia mpenzi wake. 40,000 ingetengeneza kila kitu na ibaki ya kumnunulia Mama mtungi wa gesi.

Lakini maneno mawili ya mwisho yalininyima usingizi. Usimwambie mtu. Kwa nini nisiseme? Kisu ni cha babu yangu, si cha wizi.

Neno moja, wanyama wengi

Kiswahili chetu kimetuwekea mtego hapa. Ng'ombe ana pembe. Nyati ana pembe. Kifaru ana pembe. Na ndovu naye tunasema ana pembe, ingawa ile ya ndovu kwa hakika ni jino lililorefuka likatoka nje ya mdomo. Kwa hivyo mzee akikwambia "mpini huu ni wa pembe", bado hajakwambia kitu. Lazima umuulize: pembe ya nini?

Maana jibu likiwa ng'ombe, ni takataka za buchari, fanya nayo utakavyo. Jibu likiwa ndovu, uko kwenye shida.

Sheria ya Kenya ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilipotungwa ilisema anayepatikana na sehemu ya mnyamapori bila kibali, au anayeifanyia biashara, atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 1, au afungwe miaka isiyopungua 5, au vyote viwili. Kwa wanyama walio hatarini kuangamia, kama ndovu na kifaru, adhabu iko juu zaidi ya hapo. Sheria haiulizi kisu ni kizuri kiasi gani, wala ulikirithi kwa nani. Inauliza kibali kiko wapi.

Na si ndovu na kifaru pekee. Zamani mafundi walitengeneza vipini na vitana kwa gamba la ng'amba, yule kasa mwenye gamba lenye madoa ya rangi ya asali. Ng'amba naye analindwa. Hata mpingo, ule mti mweusi ambao wachongaji wanaupenda kufa, tangu Januari 2017 uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Haujapigwa marufuku, ila ukitaka kuuvusha mpaka kibiashara unahitaji karatasi.

Kwa hivyo nikapiga hesabu upya. Yule jamaa alikuwa na 40,000. Mimi nilikuwa na milioni 1 ya kulipa, au miaka 5 ya kukaa ndani. Yeye hana jina, mimi nina sura na mtaa.

Na usidhani ni mambo ya mbali. Juni 2014, hapa hapa Mombasa, mtaa wa Tudor, polisi walinasa zaidi ya tani 2 za pembe za ndovu ndani ya ghala. Tudor ni matatu mbili tu kutoka kwangu.

Tuliuza mpini, tukanunua kisu

Usiku ule sikulala, nikaanza kusoma. Mtu aliyeacha chuo husoma kwa hasira, kama anayedaiwa.

Nikakutana na kitabu kiitwacho *Periplus of the Erythraean Sea*. Kiliandikwa kwa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita na mfanyabiashara aliyeijua bahari yetu hii. Anaorodhesha bidhaa zilizokuwa zikiingia na kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Zilizotoka: pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru, magamba ya kasa. Zilizoingia: mikuki, mashoka, visu, vitu vya kioo.

Isome tena polepole. Watu wa huku walikuwa wanauza vitu ambavyo hutengenezewa vipini, na wananunua visu.

Ruka mpaka miaka ya 1800. Misafara ya Wakamba inateremsha pembe za ndovu hadi Mombasa. Mingine inatoka bara kabisa kuelekea Zanzibar, wapagazi mabegani, wengi wao wakiwa watumwa ama watu waliochoka kama watumwa. Kutoka hapo pembe zinapanda meli. Nyingi zinaishia jimbo la Connecticut, Marekani, zinakuwa vitufe vya piano. Nyingine zinafika Sheffield, Uingereza, mji wa visu, ambako kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilisifika kwa ghala lake la pembe. Zilichanwa vipande vyembamba, vikapigiliwa kwenye visu vya mfukoni vya mabwana wakubwa. Halafu baadhi ya visu vya Sheffield vikasafirishwa kuja kuuzwa katika makoloni.

Yaani jino la ndovu wa Afrika liliweza kuvuka bahari na kurudi kama mpini wa kisu, likiwa na bei ambayo aliyelibeba kichwani hawezi kuilipa.

Wazee husema aliyeshika mpini ndiye mwenye nguvu. Aliyeshika makali hukatwa. Sisi tumeuza mpini miaka 2,000, halafu tunashangaa mbona mikono inavuja damu.

Jambia la harusi

Ukiwa mtu wa Mombasa umeona bwana harusi amevaa joho, kilemba, na jambia limekaa kiunoni. Inapendeza, sibishi. Ila nchini Yemen, ambako jambia ni vazi la mwanamume la kila siku, mpini uliothaminiwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru. Wanasema kadiri unavyoushika ndivyo unavyong'aa.

Miaka ya 1970 vijana wa Yemen walikwenda kwa wingi kufanya kazi Saudia wakati mafuta yamepanda bei. Wakarudi na pesa, na kila mmoja akataka jambia kama la shekhe. Soko la Sanaa likawaka. Pembe zikatoka wapi? Huku kwetu. Kenya ilikuwa na vifaru weusi takriban 20,000 mwaka 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 hawakufika 400.

Si Yemen peke yake iliyowamaliza, kwa sababu nyingine zilienda Asia kuwa dawa. Lakini fikiria: mnyama wa tani nzima, akauawa ili kijana apendeze kiunoni Ijumaa.

Kulikuwa na mtafiti Mmarekani aliyeishi Nairobi, Esmond Bradley Martin, mwenye nywele nyeupe zisizotii kitana. Yeye aliingia hadi kwenye karakana za Sanaa, akawahesabia mafundi pembe walizonunua na bei walizolipa, mwaka baada ya mwaka. Yemen ilipiga marufuku uingizaji wa pembe za kifaru mwaka 1982. Mwaka 1992 mufti mkuu akatoa fatwa kwamba kuwaua vifaru ni kinyume cha mapenzi ya Mungu. Mafundi wengi wakahamia pembe ya nyati wa majini kutoka India. Jambia likabaki jambia.

Martin mwenyewe aliuawa nyumbani kwake Nairobi Februari 2018.

Hadithi hiyo ilinigusa kwa sababu moja. Watu wa Sanaa hawakuambiwa waache jambia. Waliambiwa wabadilishe mpini.

Kioo na mwanga wa simu

Basi nikaenda kwa fundi mmoja wa mbao kule Kiembeni, mzee ambaye nimemzoea kwa sababu hunipa vipande vya mbao bure.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Leo umeleta maiti gani?"

Nikampa kisu. Hakukitazama ubavuni kama tulivyofanya maskani. Alikigeuza akatazama kichwa cha mpini, pale ulipokatwa, kwa kioo kile cha kukuzia cha fundi saa, tochi ya simu ikiwa upande. Kisha akanipa kioo nami.

Nitakueleza alichonifundisha, maana huenda nawe una kitu kabatini kwa bibi yako.

Pembe ya ndovu, ukiitazama pale ilipokatwa, ina mistari myembamba inayopishana, kama nyuzi za ukili wa mkeka. Mfupa hauna mistari hiyo. Mfupa una vitundu na vijistari vidogo vyeusi, kama mtu aliyenyunyiza pilipili manga, kwa sababu damu ilikuwa inapita humo. Plastiki ama haina kitu, ama ina mistari iliyonyooka mno, kama daftari. Pembe ya ng'ombe ni tabaka tabaka, ukiipiga msasa inanuka nywele zilizoungua. Na kipimo cha kuchoma kwa sindano ya moto ambacho watu hupenda kukishauri, achana nacho, utaharibu kitu usichokijua.

Nikaweka jicho. Moyo ulikuwa unapiga kama ngoma ya chakacha.

Pilipili manga. Vidoti vyeusi, kila mahali.

"Mfupa," Fundi akasema. "Wa ng'ombe au wa ngamia. Babu yako alikuwa mtu wa kawaida, mwanangu. Alinunua kisu cha mtu wa kawaida."

Sasa nikwambie ukweli ambao sikuwaambia maskani. Sikufurahi. Hapo kwenye kibao cha Fundi, baada ya kusoma habari zote hizo za misafara na vifaru, nilihisi nimeibiwa 40,000. Niligundua kwamba tangu nilipopata ule ujumbe, ndani kabisa, nilikuwa naomba iwe pembe ya ndovu. Mimi. Kijana anayekasirika akiona picha ya ndovu amekatwa uso.

Basi ndipo nikaelewa jinsi hii biashara inavyoishi. Haiishi kwa watu wabaya peke yao. Inaishi kwa mtu mwenye deni la kodi ya miezi miwili.

Nikamwandikia yule jamaa: *Ni mfupa.* Akajibu maneno mawili: *Kaa nacho.* Sijamsikia tena.

Halafu kuna kichekesho hapa. Tovuti kubwa ya mnada ya eBay ilipopiga marufuku pembe za ndovu mwaka 2009, baadhi ya wauzaji walianza kuuza pembe wakiandika kuwa ni 'mfupa wa ng'ombe'. Kwa hivyo hata leo mimi nikisema kisu changu ni mfupa wa ng'ombe, kuna mtu mahali atadhani namkonyeza.

Mkusanyaji afanye nini?

Siwaambii mwache. Kukusanya vitu vya zamani ni njia ya kujua ulikotoka bila kulipa karo. Lakini kuna mambo nimejiwekea.

Kwanza, sinunui mpini mweupe bila kuuona kwa kioo. Muuzaji akikasirika kwa sababu nimetoa kioo, nimeshapata jibu.

Pili, bei ikipanda kwa sababu ya mpini peke yake, naondoka. Atakayekuuzia pembe ya ndovu leo ana sababu ya kuinunua nyingine kesho.

Tatu, ukigundua kwamba kweli ulichorithi ni pembe ya ndovu, ya kifaru au gamba la ng'amba, usikiuze, usikitume kwa basi, usivuke nacho mpaka. Tafuta ushauri wa wakili, kisha wasiliana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Najua inauma kupeleka kitu cha babu yako. Lakini kumbukumbu ya babu haiko kwenye mpini.

Nne, na hii ndiyo ninayoipenda, tengeneza. Kwenye mkebe wangu visu vitatu vilikuja bila vipini. Kimoja nimekitilia pembe ya ng'ombe niliyoichukua buchari, bure kabisa, ila majirani walilalamika harufu siku mbili. Cha pili ni mwarobaini, mti ambao baadhi ya wachongaji wa Pwani wamehamia kwa sababu miti migumu ya zamani inakwisha na mwarobaini unaota kila mahali. Cha tatu ni mti wa mnazi, una vistari kama mvua. Nimeuza kimoja cha mwarobaini kwa 1,500 kwa mtu aliyekuja hapa, akanywa kahawa, akaniambia jina lake.

Si 40,000. Ila namweleza yeyote.

Kenya iliwahi kuchoma pembe hadharani kuonyesha dunia kwamba hazina bei: tani 12 Julai 1989, kisha tani 105 za ndovu na zaidi ya tani 1 ya kifaru Aprili 2016. Wengi mtaani walisema ni pesa zinachomwa. Nami nilisema hivyo. Lakini hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280, kutoka takriban 16,000 mwaka 1989, na vifaru wa aina zote 1,739. Ndovu wa karibu nasi kabisa wako Shimba Hills, Kwale, vuka feri upande huo. Wako hai, na meno yao mdomoni.

Wiki iliyopita Mama alikuja chumbani kwangu, akakiona kisu cha Babu juu ya meza. Akakifungua, akamenya chungwa moja kwa utepe mrefu usiokatika, jinsi Babu alivyokuwa akifanya. Nilikuwa sijamweleza habari ya ule ujumbe, nikamweleza.

Akatafuna kipande, akanitazama.

"Na kingekuwa pembe?"

Nikanyamaza. Alijua deni langu la kodi, na mimi nilijua kwamba anajua.

Akafuta bapa kwa kanga yake, akakikunja, 'tak', akanirudishia.

"Basi mshukuru Babu yako kwa kuwa maskini," akasema, "amekuepusha na mtihani."